Sabufa Inanguruma, Maneno Hayasikiki

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi hapa Tanga kuhusu homu thieta hayahusu udogo wa sauti. Sauti ipo, tena ya kutikisa vioo vya shokesi. Kinachokosekana ni maneno. Mtu amenunua seti ya spika tano na sabufa yake, bomu likilipuka kwenye filamu mtaa mzima unajua, lakini mhusika akinong'ona lile jambo ambalo hadithi yote imeliegemea, watu sebuleni wanatazamana: amesema nini? Rimoti inachukuliwa, sauti inapandishwa. Punde bunduki zinaanza kulia, mtoto aliyelala anashtuka, rimoti inatafutwa tena kwa haraka. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anaanza kuulizia bei ya spika nyingine.

Ningemwomba asubiri kwanza. Spika za nyumba nyingi ni nzima. Maneno huharibiwa na chumba, halafu na mahali spika zilipowekwa, halafu na waya na mipangilio ya vyombo, na mara nyingi hayo yote hurekebishika bila kutoa hela nyingi. Ila ili mtu ajue aanzie wapi, ni lazima aelewe kwanza neno linapotamkwa, ni sehemu yake ipi inayopotea njiani.

Neno linapotelea wapi

Irabu ndizo zenye nguvu katika usemi. Tunazivuta, zinadumu, na nguvu yake nyingi iko chini ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Konsonanti, hasa p, t, k, f na s, ni dhaifu mno. T ni mpasuko mdogo wa hewa unaokwisha kabla hujaujali. F ni pumzi tu inayopenya kati ya meno na mdomo. Nguvu ya konsonanti hizi iko juu, kuanzia hezi 2,000 hadi 8,000 hivi, na s huenda juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo irabu ndizo zinazofanya sauti ionekane kubwa, na konsonanti ndizo zinazotuambia kilichosemwa.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili hasara yake ni kubwa, kwa sababu konsonanti moja tu inaweza kubeba wakati wa tendo zima. Sikiliza mstari wa filamu ya majambazi: anamuua, atamuua, akamuua. Irabu ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kinachotofautisha mauaji yanayotokea sasa, yatakayotokea kesho na yaliyokwisha kutokea ni n, t na k. Chumba kikizimeza t na k, sikio linabaki na mngurumo wa irabu, na mtazamaji hajui kama mtu yule bado yu hai. Ukipandisha sauti, unapandisha irabu pamoja na konsonanti. Uwiano wake haubadiliki hata kidogo.

Kuna jambo la pili, nalo ni tabia ya sikio lenyewe. Sauti nzito hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake kwa urahisi, ilhali sauti nyembamba haina nguvu hiyo ya kufunika nzito. Kadiri ile nzito inavyokuwa kubwa, ndivyo kivuli chake kinavyopanda juu zaidi. Ndiyo maana kitufe cha besi kikizungushwa hadi mwisho, muziki unaweza kupendeza na mazungumzo yakafa. Sabufa haijazima konsonanti, imezifunika.

La tatu linatoka kwa watengenezaji wa filamu. Filamu kubwa huchanganywa kwa ajili ya jumba la sinema, ambako kila spika ya mbele hupimwa ili sauti ya rejea ifike desibeli 85 kwenye viti (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na vilele vya milipuko vinaruhusiwa kufika 105. Mazungumzo ya kawaida yako chini sana ya vilele hivyo, desibeli 20 au zaidi. Katika ukumbi mkubwa uliozibwa vizuri na wenye watu waliotulia, tofauti hiyo inasisimua. Sasa ilete filamu hiyo Ngamiani, kwenye nyumba ambayo ukuta wa sebule ni ukuta wa chumba cha jirani, saa tatu usiku. Hakuna atakayeachia desibeli 105. Unashusha kila kitu mpaka milipuko ivumilike, na minong'ono inazama chini ya sauti ya panga boi. Ile kuruka na rimoti juu na chini chanzo chake ni hiki, wala si ukaidi wa mtazamaji.

Kabla ya kugusa chochote, fanya jaribio moja. Chukua kipande kile kile cha filamu au tamthilia ambacho maneno yake yanakushinda, kisikilize kwenye simu kwa eafoni. Kama maneno yanasikika vizuri, kosa liko sebuleni kwako na makala haya yanakuhusu yote. Kama hata kwenye eafoni hayasikiki, kosa liko kwenye filamu yenyewe, na hilo nitalirudia mwishoni.

Chumba

Nyumba zetu za sasa, ukienda Kange au Sahare, zinajengwa kwa namna moja: tofali za saruji, lipu laini, rangi ya mafuta inayofutika, taili sakafuni, jipsam darini, madirisha ya vioo. Ni nyumba nzuri, zinasafishika kirahisi na hazina joto kali sakafuni. Lakini kwa sauti, karibu kila uso wa chumba hicho unarudisha kilichoufikia. Neno likitoka kwenye spika linafika sikioni mara moja kwa njia ya moja kwa moja, kisha linafika tena na tena kutoka ukutani, darini na sakafuni, kila mara likiwa limechelewa kidogo. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua milisekunde 3 hivi. Yale yanayorudi ndani ya milisekunde 30 hadi 50 sikio huyaunganisha na neno la kwanza, na mengine hata husaidia. Yanayochelewa zaidi ya hapo ndiyo mabaya: irabu ya silabi iliyopita bado inavuma wakati t ya silabi inayofuata inafika, na t haina ubavu wa kushindana nayo.

Aliyetupatia hesabu ya jambo hili ni Mmarekani Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Mwaka 1895 aliombwa atafute tiba ya ukumbi mmoja wa mihadhara chuoni hapo ambamo mwanafunzi hakuweza kumfuata mwalimu. Sauti ilikuwa ikivuma humo kwa sekunde 5.5 kabla ya kufifia. Sabine alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akiwa na bomba la kinanda na saa ya kupimia, na akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kuipanga mle ndani huku akipima kila hatua. Alichogundua ni kanuni nyepesi: muda wa mvumo kwa sekunde ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha 0.161, gawa kwa jumla ya ufyonzaji wa vilivyomo. Na kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikishatoka dirishani hairudi.

Hebu tuifanye kwa sebule ya mita 5 kwa 4 yenye dari ya mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60. Nyuso zote, yaani kuta, dari na sakafu, ni mita za mraba 94. Saruji na taili hufyonza takriban asilimia 2 tu ya sauti ya kati, kwa hiyo chumba kitupu kina ufyonzaji usiofika mita za mraba 2. Jibu ni sekunde 5 na kidogo, karibu sawa na ukumbi uliomsumbua Sabine. Fungua madirisha mawili ya mita za mraba 1.5 kila moja, muda unashuka hadi sekunde 2. Ingiza makochi ya sponji yenye vitambaa, watu wanne, mapazia mazito yaliyojikunja mita za mraba 6 na zulia nene la kadiri hiyo, unafika kwenye sekunde 0.6. Kwa sebule, mazungumzo hupendeza muda ukiwa kati ya 0.4 na 0.5. Kwa hiyo nyumba iliyojaa vitu vya kawaida iko karibu sana na lengo, na nyumba mpya iliyohamiwa jana, yenye kochi moja na runinga ya inchi 55, iko mbali nalo. Wengi hununua homu thieta wakati huo huo wa kuhamia, kisha wanailaumu.

Jipime kwa kofi. Simama katikati ya sebule, piga kofi moja kavu. Ukisikia mlio mwembamba wa harakaharaka ukifuata kofi, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Ukining'iniza pazia zito au ukiweka kabati la vitabu kwenye ukuta mmoja tu kati ya hizo mbili, mlio huo unakatika.

Si kila kitambaa kinafaa. Kanga moja iliyobandikwa ukutani inapendeza macho, lakini kwa sauti haipo. Mkeka wa ukindu juu ya taili nao ni mwembamba mno kufanya kazi ya maana. Zulia la katani, ambalo Tanga tuna kila sababu ya kulipenda kwa kuwa katani imelimwa pwani hii tangu 1893, linasaidia kiasi kwa sauti nyembamba, na linasaidia zaidi likitandikiwa kitu kinene chini yake. Kanuni ni unene. Kitu cha sentimita moja hukamata sauti za juu peke yake. Kitu cha sentimita 10 hukamata kuanzia hezi mia kadhaa. Godoro la sufi lililosimamishwa nyuma ya kochi lingefanya kazi kubwa kuliko mapambo yote ya ukutani. Mito mikubwa ya sufi kwenye pembe za chumba nayo haidharauliki, na akina bibi walikuwa nayo kabla hatujajua neno homu thieta. Pazia nalo lining'inizwe kiganja kimoja mbali na ukuta, lenye mikunjo mingi. Hufyonza zaidi hivyo kuliko likivutwa likanyooka na kugusa ukuta.

Kuhusu trei za mayai, ambazo vijana wa studio za mtaani wanazibandika kuta nzima: ni karatasi nyembamba. Zinatawanya kidogo sauti za juu kabisa na basi. Ningependa hela na gundi hiyo viende kwenye pazia.

Tahadhari moja. Usijaze chumba vitu vyembamba vyembamba mpaka sauti za juu zife na besi ibaki ikizunguka peke yake. Hapo utakuwa umezimeza konsonanti kwa mkono wako. Vitu vichache vinene, vilivyowekwa mahali sauti inapogonga kwanza, vinashinda utitiri wa vitambaa. Kujua mahali hapo ni rahisi: keti pale unapokaa siku zote, mwambie mtoto atembeze kioo ukutani usawa wa macho yako. Ukiiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo pa kuweka pazia au kabati.

Halafu kuna dirisha. Sabine angefurahi na madirisha yetu, ila yeye hakuwa na bajaji. Dirisha lililo wazi linatoa mvumo nje na kuingiza mtaa ndani, na ili maneno yaeleweke kwa raha yanahitaji kuwa juu ya kelele kwa desibeli 15 hivi. Msimu wa kaskazi huwezi kumwambia mtu wa Tanga afunge nyumba. Unachoweza ni kuchagua: fungua madirisha ya upande wa uani, funga yale ya barabarani wakati wa filamu. Panga boi lishushwe namba moja, maana uvumi wake umetandaa mpaka kwenye eneo la s na f, na hizo ndizo zinazopotea kwanza. Feni ya kusimama iwe mbali na kichwa cha msikilizaji. Masika yakipiga juu ya mabati, hapo sina ushauri zaidi ya kusubiri mvua ipite.

Mahali pa spika

Katika sauti ya spika tano na sabufa, iliyoanza kuenea kidijitali kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, mazungumzo karibu yote hupitia spika ya kati, ile inayokaa chini au juu ya runinga. Ndiyo spika muhimu kuliko zote nyumbani, na ndiyo inayoteswa kuliko zote.

Niliiona ikiteswa kwa shangazi yangu Makorora. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba. Njoo uniangalizie hili dude, linanguruma tu, halisemi." Spika ya kati ilikuwa imesukumwa ndani kabisa ya shelfu ya chini ya shokesi, katikati ya vikombe vya harusi na albamu za picha, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichoning'inia mbele mpaka nusu ya uso wake, na inatazama magoti ya watu. Sabufa ilikuwa pembeni kabisa ukutani, nyuma ya kochi. Sikuleta kifaa chochote. Niliomba ruhusa kukirudisha kitambaa nyuma ili kibaki juu tu, nikaivuta spika mpaka ukingo wa shelfu, nikaweka katoni iliyokunjwa chini ya upande wa mbele ili ielekee masikio ya anayeketi. Sabufa nikaitoa pembeni, hatua moja kutoka kila ukuta. Akaweka tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, akaketi, na baada ya muda akaanza kuwajibu waigizaji.

Sababu ni hizi. Sauti za juu, zile za konsonanti, hutoka kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na kwenda mbele kwa upana mdogo. Usipokuwa mbele ya twita unapata besi yote na konsonanti kiasi. Kitambaa kinene mbele ya twita huzipunguza zaidi. Spika iliyo ndani ya shelfu hugongesha sauti kwenye mbao za chini na za pembeni, na marudio hayo ya karibu mno hujichanganya na sauti yenyewe, baadhi ya masafa yakifutana na mengine yakivimba, ndiyo maana mtu husikika kama anaongea ndani ya ndoo. Pembe ya chumba nayo hukuza besi, kwa sababu kuta mbili na sakafu zote zinairudisha pamoja.

Spika za kati nyingi ni ndefu za kulala, zenye spika mbili za sauti za kati na twita katikati. Muundo huu una udhaifu wake: anayeketi pembeni sana husikia sehemu ya sauti imekatika, kwa kuwa hizo spika mbili humfikia kwa nyakati tofauti na kufutana. Mwenye matatizo ya kusikia basi aketi katikati. Na kama watoto hukaa chini kwenye mkeka huku wakubwa wakiwa kwenye makochi, ielekeze spika kwa wakubwa. Masikio ya watoto yana uwezo wa kutosha.

Jambo la bei rahisi kuliko yote ni kusogeza kochi. Sauti ya moja kwa moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, ilhali mvumo wa chumba unabaki karibu ule ule kila mahali. Kutoka mita 4 hadi mita 2 na nusu unaongeza desibeli 4 za maneno safi bila kuongeza hata chembe ya mvumo. Watu wengi wamebandika makochi ukutani kwa mazoea tu.

Waya na mipangilio

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha. Seti nyingi za sabufa za bei ya chini zilizoandikwa 5.1 hupokea sauti kwa waya ule wa plagi nyekundu na nyeupe tu. Waya huo unabeba njia mbili, kulia na kushoto. Spika tano zinazolia hapo ni njia hizo mbili zimegawanywa, na ile ya kati inapata mchanganyiko wa zote, muziki na milipuko ikiwemo. Ukipandisha spika ya kati kwenye seti kama hiyo unapandisha kila kitu. Njia za kweli tano na moja zinahitaji chombo chenye uwezo wa kuzifungua, kikiwa na HDMI au waya wa mwanga, au plagi zote sita. Ukiwa na seti ya njia mbili, usione haya. Spika mbili nzuri zilizowekwa vizuri kila upande wa runinga zinasema wazi kuliko tano zilizotapakaa. Zile za nyuma unaweza hata kuzichomoa wakati wa taarifa ya habari na tamthilia, kwa sababu zinayaleta maneno yale yale kutoka umbali mwingine kwa wakati mwingine.

Ukiwa na spika mbili, angalia mwelekeo wa waya. Kila spika ina nyekundu na nyeusi, na fundi mwenye haraka huzigeuza upande mmoja. Hapo spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na kwa kuwa sauti ya mtangazaji iko sawa pande zote mbili, ndiyo inayoumia zaidi. Weka taarifa ya habari, keti katikati. Sauti ya msomaji inapaswa kutoka katikati ya runinga kana kwamba kuna spika hapo. Kama imetawanyika, haina mahali, na besi imekuwa nyepesi, geuza waya za spika moja tu kisha usikilize tena. Ukiwa umeshika waya, zitazame na ncha zake. Upepo wetu wa bahari una chumvi, shaba inaota kutu ya kijani, na muunganisho unakuwa hafifu. Kata sentimita moja, vua upya, kaza.

Kosa jingine liko kwenye menyu. Runinga au king'amuzi kikiwekwa kutoa sauti ya njia nyingi wakati chombo kinachopokea kinaelewa njia mbili tu, unaweza kukosa sauti kabisa, au vyombo vingine vikatoa kulia na kushoto na kuiacha njia ya kati, ambayo ndiyo yenye maneno. Ukisikia muziki na milango inafungwa lakini waigizaji wako mbali kama wako chumba cha pili, shuku hilo kwanza. Ingia mipangilio ya sauti, weka PCM au stirio. Mwenye homu thieta ya kweli afanye kinyume: achague Dolby Digital au bitstream, atumie tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ili spika ya kati ipate njia yake yenyewe.

Njia hiyo ikishapatikana, pandisha spika ya kati desibeli 2 au 3 juu ya zile za pembeni. Inatosha. Krosova, yaani mpaka ambapo spika ndogo zinaiachia sabufa kazi, iwe hezi 80 kwa spika kubwa kiasi na hadi 120 kwa zile ndogo kama ngumi. Ikipita sana hapo, sabufa inaanza kubeba sauti za wanaume, na mtu anaongea kutoka nyuma ya kochi. Kwenye ekwalaiza, mwanzo mzuri ni kupunguza eneo la hezi 200 hadi 300 kidogo na kuongeza hezi 2,000 hadi 4,000 kidogo. Ninaweka mkazo kwenye kupunguza kwanza. Wengi huongeza trebo hadi s zinachoma masikio, ilhali tatizo lilikuwa unene wa chini. Kisha tafuta kitu kinachoitwa hali ya usiku kwenye rimoti au menyu, kizibane zile tofauti za minong'ono na milipuko nilizoeleza. Wapenzi wa sinema halisi hawakipendi. Kwa nyumba yenye mtoto na jirani, mimi nakiunga mkono kabisa.

Mwisho kwenye upande huu, Bluetooth. Inachelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200 na zaidi, na midomo inaacha kulingana na maneno. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu tunasikia kwa macho pia. Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akiona midomo inatamka silabi moja huku sikio likipewa nyingine, mara nyingi husikia ya tatu isiyokuwepo. Tumia waya. Kwa tamthilia zilizotiwa sauti na filamu za kutafsiriwa, midomo haitakusaidia kamwe, kwa hiyo sauti yenyewe inabeba mzigo wote, na yote niliyoyataja juu yanakuwa na umuhimu maradufu.

Kama umefanya haya na mmoja nyumbani bado anauliza kilichosemwa ilhali wengine wanasikia, mfikirie mtu huyo. Umri hupunguza kwanza usikivu wa sauti za juu, zile zile za konsonanti. Mzee atakwambia anasikia vizuri ila watu siku hizi hawasemi sawasawa, naye anasema kweli kwa anavyosikia. Mpeleke akapimwe, wakati mwingine ni nta tu. Mpe kiti cha karibu na spika, na maandishi chini ya picha yakiwepo yawashwe bila kumwonea aibu.

Zinabaki filamu zilizoshindwa jaribio la eafoni. Nyingi ni za kwetu, zimerekodiwa kwa maikrofoni iliyo juu ya kamera, mwigizaji akiwa mita 3 mbele, ndani ya sebule tupu ya taili kama zile tulizozipigia hesabu. Mvumo umeshaingia kwenye rekodi, na hakuna spika ya bei yoyote itakayoutoa. Hapo kazi ni ya wanaorekodi. Maikrofoni ikisogezwa kutoka mita 3 hadi nusu mita, kwenye kifua cha mwigizaji au juu ya kichwa chake nje kidogo ya picha, sauti yake ya moja kwa moja inapanda kwa desibeli 15 na ushei juu ya mvumo ule ule. Hata maikrofoni ndogo ya waya ya kubana kwenye shati inafanya hivyo, na magodoro mawili yakisimamishwa nyuma ya kamera wakati wa kurekodi yanamaliza sehemu kubwa ya kazi iliyobaki.